Chungu cha Kumngoja Maige

Nyumba ya Generosa haikuwa na mlango wa kufungwa. Ubao wenyewe ulikuwepo, mninga mzuri uliorandwa ukarandika, lakini tangu siku ulipoletwa ulikuwa umeegemezwa ukutani. Kila fundi aliyekuja kuutia bawaba alikuta watu wamejaa kizingitini wanakula, akakaribishwa, akala, akasikiliza mazungumzo mpaka jua likazama, akaondoka na kusahau hata nyundo yake.

Ilisimama chini ya kilima cha hospitali, huku Geita, pale njia ya mgodini inapokutana na njia ya kwenda Masumbwe. Ilikuwa miaka michache baada ya vita vya Hitla, pamba ina bei na dhahabu ina bei, na kila lori lilishusha watu wapya. Aliyekuwa na mgonjwa kilimani alilala kwa Generosa. Walilala Wasumbwa, Wazinza, Wasukuma wa Kishapu waliokuja na vumbi lao, na wafanyabiashara Waislamu wa Ujiji waliotandika mikeka yao uani na kuswali huku kuku wakiwapita mbele. Habari ya mtu kulazwa ilimfikia Generosa kabla kitanda hakijatandikwa shuka. Nani kavunjika mguu, nani kajifungua pacha, nani kasema amegongwa na troli kumbe kapigwa na mke wake, yote aliyajua, na aliyoyajua hakuyanyima watu.

Jambo moja alilishika kama dini. Hakuna aliyetoka mikononi mwake kwenda kwenye jambo zito akiwa na tumbo tupu. Ndivyo alivyolelewa. Anayesafiri hulishwa, anayekwenda kuposa hulishwa, hata anayeitwa barazani kwa mtemi kujibu mashtaka hulishwa kwanza, ndipo akadanganye vizuri. Sasa mtu anayekwenda kupasuliwa tumbo, huyo ndiye wa kufungishwa mdomo tangu jioni? Wanawake wa uani walikwisha kulizungumza jambo hilo wakalimaliza: hospitali inabana unga wake.

Basi kila alfajiri ya kupasuliwa mtu, kulikuwa na kitu kinachopanda kilima chini ya kaniki. Mara nyingi yalikuwa matobolwa, vile viazi vitamu vinavyochemshwa, vikakatwa, vikaanikwa mpaka vikawa kama ngozi ya kiatu. Kipande kimoja kinakaa shavuni na kuyeyuka polepole, muuguzi akapita na kurudi asione kitu. Na mtindi kidogo wa kusindikizia. Mgonjwa alifundishwa la kusema: akiulizwa kama amekula, ajibu hajala, tena kwa sauti ya unyonge.

Safari hii aliyelala kilimani alikuwa Maige, mume wa Generosa mwenyewe.

Maige alisukuma troli za mawe chini ya ardhi, na mawe yale yalimpa ngiri. Aliificha kwa kicheko na mshipi mpana, mpaka siku moja ikanasa, akaanguka mgodini akilia kama ndama. Daktari Mrefu, Mzungu mmoja mpole aliyekuwa akiinama kwenye kila mlango, aliirudisha kwa mkono, kisha akamwambia Generosa bila kuficha: ikinasa mara ya pili ikakataa kurudi, huyu Mwanza hatafika akiwa hai. Apasuliwe hapa, apasuliwe sasa. Wakapanga siku, na siku yenyewe ilikuwa kesho.

Jioni hiyo alikuja Theonest kula. Theonest, Mhaya mwenye viatu vinavyong'aa kuliko vya karani wa mgodi, alikuwa msaidizi wa daktari na ndiye peke yake kilima kizima aliyejua kumlaza mtu kwa etha. Alikuwa na kikapu kidogo cha waya kilichovishwa shashi, anakiweka juu ya pua na mdomo wa mgonjwa, anadondosha dawa tone kwa tone, na mtu anakwenda asikokujua. Kazi hiyo aliisomea vitani, Burma. Akishikwa na homa, visu vya daktari vililala mpaka apone, na watu walimwulizia hali yake kuliko walivyomwulizia chifu. Walimwita Bwana Usingizi, naye hakulichukia jina hilo hata kidogo.

"Bwana Usingizi, unalibinyabinya tonge kama unapima dhahabu," Generosa alimwambia. "Au ugali wetu unakwama kwenye koo lililozoea ndizi?"

"Ugali hauna kosa, Mama Limi," Theonest alimwita kwa jina la mwanawe. "Mimi ndiye sina hamu."

"Mhaya asiye na hamu ya kula wala kusema? Paskazia, hebu mguse paji la uso. Hiyo ni malaria."

Paskazia, mke wa fundi cherehani, alikuwa amekaa kwenye jamvi akiponea hapo. Alipasuliwa juma lililopita, akatapika akiwa usingizini, akasongwa, akarudishwa kutoka mlangoni kwa ahera, na sauti yake bado ilikuwa ya kukwaruza kama mlango wa ghala.

"Simgusi," alisema. "Nikimkaribia nasikia harufu ya chupa yake."

Watu walicheka. Theonest hakucheka. "Kwa ajili yako ndiyo nimekosa hamu," alisema. "Daktari Mrefu amekata shauri. Akisongwa mtu mwingine kama ulivyosongwa wewe, chupa ya etha inafungiwa kabatini mpaka aje bingwa kutoka Dar es Salaam. Na huyo bingwa mnamjua? Mimi simjui. Nimesikia yuko mmoja, na ana foleni yake."

Generosa akaacha kupakua. "Na Maige wa kesho?"

"Maige wa kesho yumo. Baada ya Maige, inategemea Maige atakavyolala."

"Umekosea wapi, kwani?"

"Laiti ningejua." Theonest alifungua mikono yake. "Nimebadili shashi. Nimebadili chupa. Nimedondosha polepole, nimedondosha haraka. Burma niliwalaza askari, mizinga inatikisa hema, wakaamka wakiniomba sigara. Hapa kila baada ya muda mfupi mtu anatapika na kugeuka rangi ya samawati. Labda ni hewa ya hapa. Labda ni maji ya mgodi. Malale wameyachunguza, mbung'o wamehesabiwa miguu. Nani atakuja kuchunguza usingizi wa Wasukuma?"

"Usingizi wa Wasukuma ni mwepesi," alisema Cornel, dereva wa lori aliyekuwa anakomba mchuzi pembeni. "Ng'ombe akikohoa, ukoo mzima uko wima."

Hapo hata Theonest alitabasamu. Generosa hakutaka kicheko kimpite na swali lake. "Lakini kutapika nako kuna ubaya gani? Walevi wetu wanatapika kila Jumamosi, Jumatatu wako kazini."

Theonest akainuka. Alikwenda ukutani akatungua kibuyu cha maziwa kilichozibwa kwa gunzi, akakilaza chali juu ya kinu.

"Hili ni tumbo. Hili gunzi ni koo la mtu mwenye akili zake, hata mlevi wa Jumamosi. Kikijaa, kikitikiswa, gunzi linazuia, au mtu anaamka, anainama, anatema nje. Sasa etha." Akachomoa gunzi. Maziwa yakateremka taratibu, yakapita mdomo wa kibuyu, yakachuruzika mavumbini, na kuku wakaja mbio. "Etha inamlaza mtu pamoja na gunzi lake. Kilichomo kinapanda bila kuhodisha. Na jirani ya njia ya chakula kuna njia ya pumzi, iko wazi, haina mlinzi. Maziwa yakiingia humo, mtu anazama nchi kavu."

Mtu mmoja tu alisikika akilalamikia maziwa.

"Ndiyo maana nawaambia wasile tangu jioni," Theonest alimalizia. "Kibuyu kitupu hakina cha kumwaga."

"Na wanatii?" Cornel aliuliza.

"Wanatii. Namwuliza kila mmoja. Wote wanasema hawajala, tena wananiambia kwa unyonge mpaka nawahurumia."

Paskazia alianza kukitazama kidole chake cha mguu kama kipya. Wanawake wengine wakakumbuka vyombo visivyooshwa. Generosa aliinama kuchochea moto uliokuwa unawaka vizuri. Alimwona Paskazia wa juma lililopita, shavu limetuna kipande cha matobolwa alichompa yeye mwenyewe, na kibuyu kikamrudia machoni, kimelala, hakina gunzi.

Kwa nini hakuna aliyewahi kuwaambia hivi? Waliambiwa marufuku, basi. Na miaka ile marufuku zilikuwa nyingi kama nzi: marufuku kulima bila matuta, marufuku kuhamisha ng'ombe bila cheti. Mtu akizitii zote alale njaa, na wao walizoea kuzizunguka. Aliapa kimoyomoyo kwamba Maige hatatiwa kitu mdomoni. Ya waliopita angemweleza Theonest baadaye, Maige akishaamka salama, kwa maana leo angeanzia wapi mbele ya watu wote hawa?

Alimsahau mtu mmoja. Mama Maige, mkwe wake, aliwasili mchana kutoka Kishapu baada ya malori mawili na mwendo wa miguu, akala, akalala chumba cha ndani jua likiwa bado juu. Kibuyu kilipolazwa juu ya kinu, yeye alikuwa anakoroma.

Kulipopambazuka, Generosa alikuta kitanda cha mkwewe kitupu. Akatazama ukutani. Kibuyu kidogo cha mtindi hakikuwepo.

Alipanda kilima mbio, kaniki mkononi, waliomwamkia wakabaki na salamu zao. Mlangoni mwa chumba cha kupasulia alimkuta Maige ameshalazwa kwenye machela, Theonest upande mmoja, mama yake upande wa pili ametulia kama mtu aliyetoka kanisani, naye kanisani hakuwahi kuingia. Maige alikuwa na masharubu ya kujivunia, mazito, meusi. Asubuhi hiyo yalikuwa na weupe kwenye ncha.

"Umekula?" Theonest alikuwa anamwuliza.

"Sijala," Maige alijibu kwa unyonge.

Generosa alisimama pumzi zikimkata. Akisema, huenda daktari akakasirika, chupa ikafungiwa kabatini leo hii, na ngiri ya Maige ikabaki inangoja kunasa. Tena atamwumbua mkwewe mbele ya Mzungu na wauguzi, jambo ambalo mke wa Kisukuma halifanyi akabaki na uso. Asiposema, kibuyu kile.

"Msimwingize," alisema. "Amekunywa mtindi."

Theonest akageuka. "Nani kampa?"

"Mimi."

Mama Maige aliinua macho. Maige akafungua mdomo kukanusha, na Generosa akamtupia jicho ambalo kwenye ndoa yao lilikuwa na maana moja tu, akaufunga.

Daktari Mrefu alitoka mikono imelowa, akainama mlangoni, akaelezwa. Hakufoka. Alimgeukia Generosa, akauliza kwa Kiswahili chake cha pole pole, "Mama Limi, umempa huyu peke yake?"

"Daktari," Generosa alisema, "ukitaka jibu lote, tafuta kiti."

Na kweli kiti kikaletwa. Hapo ujuzi wote wa uani ukamwagwa, maana Generosa akianza habari hajui kuibakiza. Paskazia alikula matobolwa na mtindi. Mke wa Cornel alikunywa uji wa ulezi, tena akaongezwa. Januari, yule aliyepasuliwa jipu la ndani, alikula sato mzima, mwiba alioutema ulikuwa chini ya godoro mpaka leo kama hawakufagia.

Theonest alikuwa anafuata kwa vidole. "Hao wote walitapika," alisema. "Na yule mzee wa Masumbwe?"

"Huyo sikumpa. Ndugu zake walisema watampikia wenyewe, lori likawaharibikia njiani."

"Alilala kama mtoto. Na Marcel, mpima miamba?"

"Hana ndugu huku, na alilazwa nikiwa msibani. Nani angempa?"

Theonest aliketi kwenye ukingo wa machela, karibu na miguu ya Maige. "Burma," alisema taratibu. "Askari hawana shangazi."

Daktari Mrefu alianza kucheka, kicheko kirefu kama yeye. Akasema alisoma miaka mingi habari za dawa ile, akasoma moyo, akasoma mapafu, lakini vitabu vyake viliandikwa mahali ambapo mgonjwa hulala peke yake na jamaa huja saa za kutembelea. Hakuna aliyemwambia aulize uani kwa mama yeyote. "Sasa tunaanza kuuliza," alisema. "Kila mgonjwa, na kila mpishi wake. Na wewe Theonest, unafundisha, hapa juu na kule chini. Mtu mmoja hawezi kuwa usingizi wa wilaya nzima."

"Kwa hiyo mwanangu hapasuliwi?" Mama Maige aliuliza.

"Kesho, mama. Kama hatakula."

"Akifa na njaa je? Baba yake alikufa hajala, mpaka leo ananijia ndotoni na bakuli mkononi. Tumemchinjia mbuzi, bado anakuja. Sitaki bakuli la pili."

Generosa alichutama mbele ya mkwewe, magoti chini, kama inavyopasa.

"Mayu, mama yangu, anayeondoka hulishwa. Umenena kweli. Lakini huyu Maige anaondoka, au anarudi?"

"Arudi, nini kingine?"

"Mtu anayerudi hupikiwa wakati gani?"

Mama Maige alifikiri. "Hupikiwa akiwa njiani," alisema. "Akute chungu kinachemka. Asiyepikiwa huona hakuna aliyemngoja."

"Basi kesho akilazwa, wewe mpikie akiwa njiani. Mimi sina mkono wa kumwita mwanao kama wako."

Bibi yule alimtazama mkamwana wake kwa jicho linalopima. "Mbuzi au kuku?"

"Kuku, mama," Theonest alidakia. "Mchuzi mwepesi."

"Mhaya, nani amekuuliza?"

Kesho yake Mama Maige alibandika chungu chini ya dirisha la chumba cha kupasulia, ili harufu isikosee njia. Theonest akatoka mbio, shashi mkononi, akamweleza kwamba etha na moto ni kama paka na samaki, cheche moja na hospitali nzima itafika Kishapu kwa njia ya hewa. Chungu kikashuka, bibi akilalamika kila hatua, mpaka kwenye ua wa minyaa. Hapo akakaa, akaanza kupuliza moto kwa bidii kama mhunzi. Usiku kucha alikuwa amelala sakafuni karibu na kitanda cha mwanawe, na shemeji mmoja aliyekuja na karanga mfukoni alirudishwa nazo.

Generosa alibaki karibu na dirisha. Hakuona kitu, ila alisikia. Mle ndani hakuwa Theonest peke yake tena. Alikuwepo Onesmo, mfunga vidonda, na Justa, muuguzi, wamesimama kichwani kwa Maige kujifunza.

"Taya juu," ilikuwa inasema sauti ya Theonest. "Si hivyo, Onesmo, humng'oi jino. Hivyo. Justa, acha kutazama kisu, kisu kina mwenyewe. Wewe sikiliza pumzi. Unasikia nini?"

"Inakwenda."

"Inakwendaje?"

"Kama mtu anayelala baada ya mavuno."

"Ndiyo. Ikianza kukoroma, kidole chako kiko wapi?"

Kisha milio ya vyuma kwenye sinia. Generosa, ambaye hajawahi kukaa kimya muda mrefu hivyo toka abatizwe, alijikuta anapumua pamoja na pumzi asiyoisikia. Kule chini moshi wa chungu ulipanda, ukapinda, ukaja kilimani.

Machela ilitoka, kichwa cha Maige kimegeuzwa upande. Alishikwa na kichefuchefu mara moja, Generosa akaushika mkono wa Justa mpaka ukabaki na alama, na kilichotoka kilikuwa povu jeupe tu, mate ya mtu. Theonest alilipokea kwenye beseni, akazunguka nalo barazani akiwaonyesha watu wote, hata wasiohusika, kama bwana arusi anayeonyesha mahari.

Maige alifumbua jicho moja. Likazunguka dari, likamwona mkewe, likatulia. Pua yake ikacheza.

"Nani anapika kuku," alisema kwa ulimi mzito, "na mimi niko huku?"

Habari ilimfikia mama yake kwenye minyaa kabla jicho la pili halijafunguka. Aliondoa mwiko chunguni, akakaa kidogo, akajifuta macho na kulaumu moshi.

Siku hiyo Maige aliruhusiwa vijiko viwili vya mchuzi, na hivyo viwili alivipigania. Kuku mwenyewe aliliwa uani na waliokuwa wakimngoja: Cornel, Paskazia na sauti yake, Wazinza waliowasili mchana huo huo hata hawamjui Maige ni nani. Theonest alikula matonge bila kuhesabu, kisha akalaza kibuyu juu ya kinu kuwafundisha wageni, na safari hii alitumia maji, kwa sababu Mama Maige alimwambia akimwaga maziwa tena atayalamba mavumbini. Bibi mwenyewe hakurudi Kishapu msimu ule. Alijipa kazi ya kukaa kwenye mlango wa wodi, akimkagua kila mwanamke mwenye kaniki nene, na matobolwa aliyoyanyang'anya aliyatafuna mwenyewe, akisema tumbo lake halipasuliwi.

Lakini hayo ni ya baadaye. Jioni ile, kuku alipopakuliwa, watu walingoja kuona firigisi itakwenda kwa nani, maana firigisi ni ya mwenye nyumba, na mwenye nyumba alikuwa kilimani na vijiko vyake viwili. Wanaume waliokuwepo walijiweka sawa. Mama Maige aliitoa chunguni kwa ncha ya kisu, akaipuliza, akapita mbele ya Cornel, akapita mbele ya Theonest aliyekwisha kunyoosha mkono, akaiweka kwenye kiganja cha Generosa.

"Kula," alisema. "Ule mtindi uliosema ulimpa wewe ulikuwa mchachu mno."

Generosa alipiga magoti, kama inavyopasa. Akala.